Masta ya kriminolojia na saikolojia ya uhalifu kwa masafa: miaka yangu miwili

Niseme mapema nisikupotezee muda: kama unaitaka masta hii ili uitwe mwanasaikolojia wa mahakama Uingereza, usilipe ada. Jina hilo kule linalindwa na sheria, hulitumii mpaka usajiliwe na HCPC, baraza lao la kusajili wanataaluma wa afya, na kwa kawaida safari huanzia kwenye masta ya saikolojia ya mahakama iliyoidhinishwa na BPS, jumuiya yao ya wanasaikolojia. Yangu ilikuwa ya kriminolojia na saikolojia ya uhalifu. Majina yanafanana kama mapacha, ila moja halikufikishi lilipo jingine. Mwenzetu mmoja, Mnigeria anayeishi Manchester, aligundua hilo mwezi wa tatu, awamu ya kwanza ya ada imeshakwenda. Chuo kilikuwa kimeandika, lakini chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kutafutia miwani.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, Mwanza. Kazi yangu kubwa ni watoto waliokinzana na sheria: naandika taarifa za uchunguzi wa kijamii ambazo Mahakama ya Watoto huzisoma kabla ya kuamua. Nilisoma nusu-muda nikiwa nyumbani, krediti 180, tasnifu peke yake 60. Mihadhara ilianza saa tatu usiku kwetu. Waingereza wakisogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi, inakuwa saa mbili. Umeme ukikatika ni wewe na bando lako. Kuna usiku nilichangia mada nimeketi ndani ya bajaji ya jirani, nachaji simu.

Muhula wa kwanza ulinichosha. Wiki tatu tulikaa na Lombroso, yule daktari wa Torino, Italia, aliyedai mwaka 1876 kwamba wapo wanaozaliwa wahalifu na maumbile yao yanawataja. Naelewa kwa nini anafundishwa, maana hata leo utasikia mtu mzima akisema "huyu sura yake tu mwizi". Lakini wiki tatu!

Kilichorudisha hela yangu ni moduli ya mahojiano. Tulianza na jaribio la Loftus na Palmer la mwaka 1974. Wanafunzi walionyeshwa filamu za ajali, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, tuseme "yalipobamizana", walikadiria wastani wa maili 40 na ushei kwa saa. Walioulizwa kwa kile chepesi, "yalipogusana", maili 31.8. Ajali zilezile.

Halafu tukaambiwa tulete maswali tunayoyatumia kazini. Nikachukua karatasi yangu ya miaka saba, nikaanza kuitafsiri ili mwalimu aelewe. Swali la tatu: "Siku ulipotenda kosa, ulikuwa na nani?" Kalamu ikasimama. Kesi bado haijaamuliwa, mtoto hajakiri kitu, na mimi nimeshamhukumu kwa ile "-po-" iliyojibanza katikati ya kitenzi. Akijibu "nilikuwa na Juma", amekiri bila kujua. Ni watoto wangapi nimewauliza hivyo, sitaki hata kuhesabu.

Wiki iliyofuata tukasoma kipimo cha Gudjonsson, mwanasaikolojia wa Iceland aliyewahi kuwa askari mpelelezi. Unamsomea mtu kisa kifupi, unamuuliza maswali 20, na 15 kati yake yana mtego. Kisha unamwambia kwa ukali kwamba amekosea, unarudia yote, unaona atabadili majibu mangapi, yaani anayumbishwa kirahisi kiasi gani. Wenzangu wa Ulaya walikiona kama chombo cha maabara. Mimi nilimwona mtoto wa kwetu, aliyefundishwa kwamba mkubwa habishiwi, amesimama mbele ya meza yangu anasema "shikamoo". Huyo hata sauti huna haja ya kupandisha.

Malalamiko ninayo. Karibu kila kitu ni Uingereza na Marekani Kaskazini. Utafiti uliowafuatilia wavulana 411 wa London Kusini tangu 1961, kuona nani anaingia kwenye uhalifu, ni wa kuheshimiwa, lakini nilipouliza kuhusu mtoto anayelala kwenye vibaraza vya soko nilijibiwa, "Hiyo ni mada nzuri ya tasnifu." Kipimo cha Hare cha usaikopathi, ile hulka ya kutojali wala kujutia, kina alama 40: kwa Marekani Kaskazini mstari wa kumwita mtu hivyo uko 30, Uingereza mara nyingi 25. Sasa mimi wa Mwanza nichore wapi? Hakuna aliyenijibu. Na msimamizi wangu wa kwanza alikuwa akikaa na sura moja ya tasnifu wiki tano.

Tasnifu nayo nilitaka kuwahoji watoto walio mahabusu. Kamati ya maadili ilikataa: ni watoto, tena wamefungiwa, hawana uhuru wa kweli wa kunikatalia. Nilinuna, nikawahoji maafisa wenzangu tisa badala yake. Leo nakiri kamati ilikuwa sahihi.

Nimemaliza na asilimia 64. TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, wana utaratibu wa kutambua shahada za nje, kwa hiyo uliza kuhusu chuo chako kabla ya kulipa. Mimi niliuliza baadaye, nikakosa usingizi bure. Cheo hakijapanda wala mshahara. Ila lile swali la tatu sasa linasomeka: "Nisimulie siku ile ilivyokuwa, tangu ulipoamka."