Ofisi iliyonifungulisha bahasha zote: huduma ya talaka na wosia

Nilikwenda kwenye ofisi ile na jambo moja tu moyoni: nyumba ibaki yangu. Baada ya miaka 19 ya ndoa na watoto watatu, sikutaka kusikia habari ya kitu kingine. Niliwachagua kwa sababu wakili na mshauri wa fedha wanakaa meza moja, na nilishachoka kubeba maswali ya huyu kumpelekea yule.

Kikao cha kwanza wakili hakugusa sheria. Alinipa karatasi yenye safu nne: mali, jina lililo kwenye hati, deni lililobaki, na nani ameandikwa kupokea nikifa. "Mama, usikisie. Fungua bahasha moja moja." Ile safu ya mwisho iliniudhi. Nimekuja kuachana na mtu, habari za kufa zinatoka wapi?

Kumbe ndiyo iliyotuokoa. Bima yangu ya maisha nilikata mwaka wa pili wa ndoa, na mnufaika aliyeandikwa ni mume wangu peke yake. Nilidhani talaka ingemfuta. Mshauri akanieleza kwamba kwa kawaida pesa za bima hazipitii kwenye wosia kabisa, kampuni humlipa aliye kwenye fomu. Kuna nchi ambazo sheria humwondoa mtalaka, na kuna ambazo haimgusi. Ningeandika wosia mzuri namna gani, wanangu wangeweza kubaki wakitazama. Nikataka kubadili jina siku hiyohiyo, wakili akanizuia: mahali pengine kesi ikiwa bado mahakamani huruhusiwi kugusa mnufaika wala kuhamisha mali. Tukangoja amri ya talaka, kisha tukajaza fomu mpya mbele yake.

Kuhusu nyumba, walinivumilia. Mshauri hakusema niiache. Alichukua penseli akaandika mkopo, bima ya jengo, kodi, paa linalovuja, halafu akaandika kipato changu peke yangu, akanisogezea nitoe mwenyewe. Nilitoa mara tatu. Jibu lilikuwa chini ya sifuri kila mara. Nililia, naye akakaa kimya mpaka nikamaliza. Halafu akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza: mkopo tulisaini wawili, na makubaliano yetu ya talaka hayaifungi benki. Mtalaka wangu akiacha kulipa, mimi ndiye nitakayedaiwa, hata kama karatasi ya mahakama inasema deni ni lake. Tukauza nyumba, deni likafutwa, na katika kugawana mali nikachukua fungu kubwa zaidi la pensheni.

Wosia tuliufanya mwisho. Nilikwenda na dada yangu awe shahidi, wakili akamrudisha kwa upole, kwa kuwa nilikuwa nimemwachia kitu. Katika nchi nyingi shahidi anayerithi huweza kupoteza alichoachiwa. Wakasimama wafanyakazi wawili wa ofisi. Mwanangu mdogo ana miaka 9, kwa hiyo fungu lake litashikwa na mdhamini mpaka atakapokua.

Sasa malalamiko. Wanatoza kwa vipande vya dakika 6, na ukipiga simu kuuliza neno moja unahesabiwa kipande kizima. Bili ya mwezi wa kwanza ilinishtua, na hakuna aliyenionya. Baada ya hapo nikawa nakusanya maswali ya wiki nzima kwenye barua moja. Pia rasimu ya wosia ilikuja na jina la binti yangu limekosewa herufi mbili. Nilisoma kila mstari ndiyo nikaona, na nina uchungu nalo mpaka leo, kwa sababu ni jina la mtoto.

Nawapa nyota nne. Ukienda, nenda na fomu za bima na pensheni zenyewe mkononi, na ukishabadili mnufaika, dai barua ya uthibitisho kutoka kwa kampuni. Yangu ilichukua wiki tano, na nilipiga simu mara nne kabla haijafika.