Siku yangu moja Salvador, Bahia: kutoka mchanga wa Abaeté hadi bajia za kunde za Rio Vermelho

Ziara hii nimeipa nyota nne kati ya tano. Moja niliyoikata nitaieleza. Nne zilizobaki ni za chakula, za mchanga wa Abaeté, na za kijana aliyetutembeza.

Nilikuwa Brazil mwezi wa Septemba kumtembelea dada yangu anayesoma São Paulo. Ni yeye aliyenikataza kurudi Tanga kabla sijaiona Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, akaniagiza na chupa ya mafuta ya mawese kama vile ananituma sokoni Ngamiani. Kutoka São Paulo ni ndege ya saa mbili na ushei. Nilikuwa na siku moja tu kamili pale mjini, kwa hiyo nikalipia ziara ya kutwa: watu sita ndani ya gari dogo, mwongozaji anayejua Kireno na Kiingereza, kufuatwa hotelini, na chakula cha mchana ndani ya bei hiyo hiyo.

Tuliambiwa gari litafika saa mbili kamili asubuhi. Lilifika saa tatu kasorobo, na hakuna aliyepiga simu wala kutuma ujumbe. Kwa mji ambao Septemba jua linazama saa kumi na moja na nusu jioni, dakika arobaini na tano si kitu kidogo. Baadaye tulizililia.

Lakini kule kusubiri kulinipa jambo la kutazama. Ilikuwa Ijumaa, na watu wengi waliopita pale Barra, mtaa wa hoteli yangu, walikuwa wamevaa nyeupe: mzee na gazeti lake kwapani, wasichana wawili wanaowahi kazini, mama aliyemshika mjukuu mkono. Kwetu Ijumaa mchana barabara hujaa kanzu, basi nikabaki najiuliza hawa nao wanakwenda wapi. Mwongozaji alipofika nikamuuliza kabla hata sijafunga mkanda. Akasema Ijumaa ni siku ya Oxalá, mmoja wa miungu ya Candomblé, dini iliyojengwa Brazil na Waafrika waliopelekwa utumwani, na nyeupe ndiyo rangi yake. Oxalá huyo watu wa hapa humfananisha na Senhor do Bonfim wa Wakatoliki, yaani Yesu, ndiyo maana hata asiyeifuata Candomblé huivaa nyeupe siku hiyo.

Tulianzia mbali, Itapuã, kwenye ziwa la Abaeté. Jamani, maji yale ni meusi kama chai ya rangi iliyokaa jikoni, na kandokando yake yamepangana matuta ya mchanga mweupe kabisa. Ukichota kwa kiganja, maji ni ya kahawia na unaona mistari ya mkono wako vizuri. Zamani wanawake wa Itapuã walikuwa wakifulia nguo hapa na kuzianika juu ya mchanga. Nilivua viatu. Mchanga wa asubuhi ulikuwa bado wa baridi, na kwenye matuta kulikuwa na dungusi na vichaka vifupi vinavyostahimili upepo wa bahari. Katikati ya vichaka hivyo nikaona majani ninayoyajua. Mkorosho! Mwongozaji akacheka aliponiona naukumbatia, akasema hapa Brazil ndipo nyumbani kwa mti huu hasa. Wareno ndio walioutoa mkorosho Brazil katika karne ya 16 wakaupeleka Afrika Mashariki na India. Muhogo nao ulitoka Brazil. Nilikulia kwenye muhogo wa nazi na korosho za kukaanga, na siku zote nilidhani vyote viwili ni vyetu tangu mwanzo.

Abaeté tulipewa dakika thelathini tu. Ningekaa mpaka adhuhuri. Mkienda, nendeni kikundi na mwenyeji, kwa sababu matuta ya ndani yana upweke.

Kutoka hapo barabara inafuata bahari, minazi upande mmoja na maghorofa upande wa pili. Tulisimama kunywa madafu. Hayo nayo yana safari yake: Wareno waliyatoa upande wa Bahari ya Hindi, wakayapitisha Cape Verde, ndipo yakafika Bahia. Muuza madafu alikuwa amebandika msimbo wa Pix kwenye toroli lake. Pix ni kama M-Pesa ya Wabrazil, kila mtu anaitumia, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko si rahisi kulipa nayo. Bebeni kadi na noti ndogondogo za reali.

Pelourinho, mji mkongwe, ndipo nilipopata uzito wa siku ile. Nyumba zimepakwa buluu, manjano na waridi, mawe ya barabarani yamelainika kwa nyayo, na tangu 1985 mahali hapa pamo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Lakini jina lenyewe, pelourinho, maana yake ni nguzo ya kuchapia watu viboko. Salvador iliasisiwa 1549 na ilikuwa makao makuu ya Brazil mpaka 1763, na utajiri wake wote ulibebwa mgongoni na watumwa. Utumwa ulifutwa Brazil mwaka 1888, ikiwa nchi ya mwisho katika bara zima la Amerika.

Kanisa la São Francisco, lile maarufu kwa dhahabu ukutani, lilikuwa limefungwa. Sehemu ya dari yake iliporomoka Februari 2025 na mtalii mmoja akafariki. Tukashuka kwenye kanisa la buluu la Nossa Senhora do Rosário dos Pretos. Hili lilijengwa na chama cha Waafrika wenyewe, watumwa na waliojikomboa. Walianza mwaka 1704 na ikawachukua karibu miaka mia, kwa sababu walijenga katika saa zile chache walizobakiwa nazo baada ya kumaliza kazi za mabwana zao. Niliweka kiganja ukutani, nikakiacha pale kitambo.

Halafu mwongozaji, aliposikia kwamba mimi ni Mwislamu, akageuza njia kidogo. Hakikuwa kitu cha kwenye ratiba. Alitupeleka hadi kwenye mteremko wa Ladeira da Praça, akasimama, akasema hapa ndipo yalipoanzia mapigano ya Wamalê, usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835. Walikuwa Waislamu wa Kiafrika, wengi Wayoruba, na Wahausa miongoni mwao, watumwa na watu huru. Walipanga kuinuka katika kumi la mwisho la Ramadhani. Wakasalitiwa, askari wakafika kwenye nyumba yao kabla ya wakati, na kabla hapajakucha walikuwa wameshindwa. Baadhi ya waliokufa walikutwa na hirizi zenye aya za Kurani zilizoandikwa kwa Kiarabu. Waliobaki wengine waliuawa kwa hukumu, wengine wakachapwa mamia ya viboko, wengine wakafukuzwa kurudishwa Afrika. Nilisoma historia mpaka kidato cha nne na sikuwahi kusikia habari hii. Niliwasomea Fatiha pale pale kando ya barabara, na wenzangu wa kwenye gari wakanisubiri kwa adabu.

Tukateremka kwa lifti ya Elevador Lacerda, ya mwaka 1873, yenye urefu wa mita 72. Inaunganisha mji wa juu na mji wa chini, na wenyeji wanaipanda kama daladala. Chini ni Mercado Modelo, soko la vinyago na zawadi. Hapo ndipo ninapoikata ile nyota: tulikalishwa saa nzima, tukielekezwa duka moja baada ya jingine, baada ya kukimbizwa kule Abaeté. Kampuni ipunguze muda wa duka iuongeze kwenye ziwa. Na chakula cha mchana walichosema kimo kwenye bei, kumbe ni chungu kimoja kwa watu wawili, vinywaji juu yako, na asilimia kumi ya huduma juu yake. Waandike hivyo tangu mwanzo, mtu ajue.

Chakula chenyewe sina neno nacho. Moqueca ililetwa mezani bado inatokota kwenye chungu cha udongo: samaki, tui la nazi, nyanya, hoho, kotmiri nyingi, na mawese yaliyoigeuza rangi ya jua la jioni. Mtu wa Tanga ataonja tui kwanza na kusema hiki nakijua, halafu mawese yatamfika nyuma ya ulimi na kumwambia hapana, hiki ni kingine. Pembeni kuna wali, unga wa muhogo uliokaangwa unaoitwa farofa, na pirão, ambayo ni unga huo huo uliosongwa kwa mchuzi wa samaki mpaka ukawa kama ugali laini. Nilikula chungu kimoja na bibi mmoja wa Argentina niliyemfahamu asubuhi ile. Tulikikomba mpaka mwisho.

Nilipomwambia mwongozaji habari ya chupa ya dada, akamwomba dereva asimame Feira de São Joaquim, njiani kuelekea kanisa la Bonfim. Hili ndilo soko lenyewe. Kamba wakavu kwa magunia, vyungu, majani ya dawa, mbuzi, unga wa muhogo umerundikwa kama vilima. Niliona kibanda cha mboga kimeandikwa *Quitanda*, nikasimama: kwetu kitanda ni cha kulalia, kumbe neno hili limetoka Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, na hapa maana yake ni genge. Hata dendê, jina la mawese, ni la Kimbundu. Mama muuzaji alichukua chupa, akanionyesha tabaka mbili, zito la manjano limetuama chini na jekundu angavu limeelea juu. Akaigeuza kichwa chini polepole, ule uzito ukashuka kama uji, kisha akanusisha kifuniko. Wenye uzoefu na mawese ya Kigoma watayajua papo hapo.

Bonfim tulifika jua limeshainama. Uzio wa kanisa umefunikwa na utepe wa kila rangi, maelfu, unapigwapigwa na upepo kama bendera za jahazi. Watu hufunga mafundo matatu na kuomba mambo matatu, kisha utepe unaachwa mpaka ukatike wenyewe. Mimi sikufunga, kila mtu na imani yake, ila nilipenda kuusikia. Angalizo: Pelourinho wapo wanaokufunga utepe mkononi wakisema ni zawadi, halafu wanadai pesa. Kataa kwa upole, mapema. Na simu ibaki mfukoni ukiwa kwenye vichochoro.

Ile dakika arobaini na tano ya asubuhi ndiyo iliyotukimbiza Barra. Tulishuka mbio. Mnara wa taa uko juu ya ngome, kwenye ncha ambapo ghuba ya Watakatifu Wote inakutana na Atlantiki; taa ya kwanza ya Brazil iliwekwa hapa 1698. Mimi kwetu jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya milima ya Usambara. Hapa ni pwani ya mashariki pia, lakini ncha hii imegeukia ghuba, basi jua linazama majini. Tulipata dakika kama kumi tu za mwisho. Majani ya pale mlimani yalijaa familia zimekaa chini, na jua lilipomezwa watu wakapiga makofi.

Sasa mtaa wa Rio Vermelho, na bajia.

Mama yangu mdogo anauza bajia za kunde Ngamiani, kwa hiyo najua kazi yake: kuloweka, kupukusa maganda mpaka vidole viume, kusaga, kupiga. Nilimwona mama wa Kibahia, amevaa nyeupe tupu, kilemba na shanga, anapiga unga wa kunde kwa mwiko ndani ya beseni, na ule mlio wa puf-puf ukawa ni ule ule. Sufuria ya mawese ilikuwa na kitunguu kizima kinaelea, ili mafuta yasiungue. Akachota kwa vijiko viwili, akadondosha, ikavimba. Hii inaitwa acarajé. Kwa Kiyoruba àkàrà ndiyo bajia yenyewe, na jẹ ni kula. Wanawake watumwa waliiuza mitaani, na wapo walioununua uhuru wao kwa pesa ya biashara hii. Mwaka 2005 serikali iliusajili ufundi wa akina mama hawa kuwa urithi wa taifa.

Akaipasua ya kwangu kwa kisu, akajaza vatapá, ambao ni ujiuji wa mkate, karanga, korosho, kamba na nazi, kisha bamia, kachumbari, na kamba wakavu pamoja na maganda yao. “Quente?” akaniuliza. Anamaanisha pilipili. Nikaitikia ndiyo, akanitazama machoni, akaongeza kidogo kingine. Nje ni kavu inayovunjika, ndani ni nyepesi kama sifongo, na pilipili yake haina mchezo.

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya mama mdogo na karai lake. Akafuta mikono, akaishika simu, akaikuza ile picha mpaka karai likajaa kioo chote. Akasema maneno mengi kwa Kireno, na mwongozaji akanitafsiria: anauliza mbona zenu ndogo hivi, na mnazikaangia mafuta gani. Kisha akanifungia abará, ambayo ni unga huo huo wa kunde uliopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, akakataa pesa. Nilimwita mama, akaniita mwanangu.

Ile abará niliila kesho yake asubuhi hotelini, ikiwa baridi, na glasi ya juisi ya mabibo.