Darasa la mbwa wa kuliwaza watu, Nyali: fundi mzuri ila Mombasa hajaifikiria

Nianze na bei maana najua ndo mtakayouliza, elfu tano kwa mwezi, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawaka. Hawa hawafunzi mbwa kushika mwizi. Wanamtayarisha mbwa wako wa nyumbani, yule yule anayelala barazani, muende pamoja kwa wazee au kwa watoto wenye mahitaji maalum, akae nao tu, na hiyo kazi unajitolea, hulipwi hata nauli. Marekani vikundi vya hivi viko tangu 1976, Uingereza tangu 1983, huku kwetu ukimwambia mtu napeleka mbwa akaliwaze wagonjwa anakuangalia kama wewe ndo mgonjwa.

Nilichopenda hawabagui. Bobi wangu ni koko wa Kisauni kabisa, sikio moja limesimama jengine limelala, na wenzetu walikuja na majaman shepadi na malabrado ya kuchanwa nywele. Mwalimu hakuuliza ni aina gani, aliuliza karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na umri, chini ya mwaka mmoja hapokei. Kisha akadondosha sufuria kwa nyuma makusudi, wawili wakatoka mbio, mmoja akabweka mpaka sauti ikakauka, Bobi akageuka akatazama akajilalia zake. Aliyezaliwa stendi ya matatu atashtuka sufuria kweli?

Nusu ya masomo ni yako wewe mwenye mbwa. Akipiga miayo, akijilamba pua ovyo, akigeuza uso, huo si usingizi, ameelemewa, mtoe. Kamba fupi, mkanda wa kifua, si mnyororo wa kumkaba. Nyama mbichi asipewe kwa ajili ya vijidudu, na kila anayemshika anawe mikono kabla na baada. Wanasema masaa mawili kwa siku ndo mwisho, lakini kwa joto letu la Februari mimi nusu saa namtoa.

Sasa hapa ndo nawakata alama. Masomo yote yametoka ng'ambo na hayajui yako Mombasa. Wazee wetu wengi wana udhu, na kwa Washafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa mchanga, sasa wewe waingia na mbwa mpaka karibu na msala wa mtu wa kuswalia? Nilimuuliza mwalimu akasema tutaona huko huko. Hilo si jibu bwana. Ikabidi tujipange wenyewe, mlangoni tunaomba ruhusa kwanza, tunakaa uani si vyumbani, mbwa awe mkavu kabisa maana kavu kwa kavu haina neno, na asiyetaka kugusa aangalie tu kwa mbali. Na wanaangalia wallahi! Kuna bibi siku ya kwanza alipiga kelele "mtoeni huyo, mtoeni!", tuliporudi akavuta kiti chake kivulini, mikono kaifumbata kwenye leso, akamkagua Bobi juu mpaka chini halafu akanigeukia mimi, "mwanangu, huyu humpi chakula?" Tangu hapo kila tukienda lazima nitoe hesabu ya alichokula Bobi, kimoja kimoja, na dagaa asizikubali akaniambia nabana pesa. Hajamgusa hata kwa kidole na hakuna anayemlazimisha.

Usafiri ni juu yako, na tuktuk zikiona mbwa zinaongeza mwendo, kwa hivyo kama huna gari tafuta mwenzako wa darasani mwenye nalo. Cheti utapewa lakini si kibali cha kuingia na mbwa popote, mkahawani utarudishwa tu.

Nyota tatu na nusu. Wakikaa chini na ustadhi mmoja wakaandika upya lile somo la ziara nitaongeza. Na wakikuletea ile fulana ya njano ya mbwa, elfu mbili eti ya lazima, kataa, ni nzito kama ya mlinzi wa usiku na mbwa anahema humo mpaka unamhurumia, mimi nimemfunga kitambaa cha kanga shingoni na hakuna mlango tuliofukuzwa.