Shelfu, beseni, kikapu au sanduku? Cha kununua kwa kona ya watoto kuchezea

Wengi wetu hapa Kampala hatuna chumba kizima cha watoto kuchezea, tuna kona nyuma ya kochi, na anayepanga muzigo, yaani nyumba ya chumba kimoja, ana nafasi ya mkeka tu, lakini inapangika. Kipimo changu ni kimoja: mtoto wa miaka 3 akimaliza kucheza, anaweza kurudisha vitu mwenyewe bila kuniita? Nimepanga kuanzia kile ningenunua kesho.

Namba moja ni shelfu fupi ya mbao isiyo na milango, ngazi mbili basi, isizidi kifua cha mtoto. Nenda Ndeeba kwenye mbao au kwa fundi seremala wa mtaani umpe vipimo. Paini ni nyepesi na bei yake si kali, musizi, mbao ya mti wa hapa kwetu, nayo ipo ila bungua wanaipenda kwa hiyo lazima itiwe dawa. Kabla hujalipa pitisha kiganja kwenye kingo zote, ukihisi kijiti kinakwaruza mwambie apige msasa tena, usimwonee haya. Halafu ifungwe ukutani kwa skrubu na vyuma vya pembe hata kama ni fupi, maana mtoto akiona shelfu anaona ngazi ya kupanda. Mwaka 2016 kule Marekani kampuni ya samani ya IKEA iliagiza makabati ya droo karibu milioni 29 yarudishwe kwa sababu yalikuwa yanaangukia watoto na wengine walikufa. Kama mwenye nyumba hataki utoboe ukuta basi achana na shelfu, shuka namba mbili.

Namba mbili, mabeseni ya plastiki ya kina kifupi, kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo yamejaa. Chukua matatu au manne madogo badala ya moja kubwa: moja la matofali ya kujengea, moja la vigari vya waya, moja la midoli. Minya ukingo kwa kidole gumba, ukilia kama unapasuka rudisha. Na kama kuna mdogo wa chini ya miaka 3 nyumbani, chochote kinachopita kwenye kile kibomba cha boksi cha ndani ya tishu ya choo kiweke juu asikofika, anaweza kukabwa nacho.

Vikapu vya kusuka navipenda sana, ni laini hata mtoto akiviangukia, lakini mvua za Machi hadi Mei zikianza, kikiachwa kwenye sakafu ya simenti kinashika ukungu chini. Viwe vya midoli ya kitambaa tu.

La mwisho kabisa ni sanduku kubwa lenye mfuniko, na ndilo tulilonunua kwanza. Kila siku binti yangu alikuwa anamwaga kila kitu sakafuni akitafuta gurudumu moja lililolala chini kabisa, halafu siku moja mfuniko ukamwangukia vidole, kucha mbili zikawa nyeusi wiki nzima. Tena watoto hujificha humo ndani, na lisilo na matundu ya hewa ni hatari. Kama unalo tayari usilitupe, ng'oa bawaba. Mfuniko wa letu sasa umekaa juu ya kreti mbili za soda, ndiyo meza yao ya kuchorea.