Kabla hujalipia routa, igeuze usome chini

Ramadhani iliyopita nilimnunulia mama routa, kile kifaa cha kugawa waifai nyumbani, ya shilingi 3,200 katika duka moja la Mombasa, nikaipakia pamoja na tende na vitambaa vya Idi, ikafika Lamu salama. Boksi lilikuwa limevikwa nailoni, antena nne zimesimama. Niliifunga nyumbani Mkomani usiku uleule baada ya tarawehe, na kwa wiki tatu mama alizungumza na dada yetu aliye Jeddah kwa video bila picha kukwama.

Kisha akaanza kunilalamikia. "Mwanangu, yeo tena nimefungua habari nikaletewa kamari." Nilidhani ni simu yake. Nikamzimia waifai akatumia bando, kurasa zikafunguka sawasawa. Nikamrudishia waifai, kamari nayo ikarudi. Simu ya mpwa wangu ilifanya vilevile, na hapo nikajua ugonjwa hauko kwenye simu.

Niliingia kwenye mipangilio ya routa nikakuta namba za DNS si zile za kampuni ya intaneti wala si nilizoandika mimi. DNS ni kama daftari la anwani: ukiandika jina la ukurasa, simu huuliza daftari hilo nyumba iko wapi. Mtu akikubadilishia daftari, anakupeleka apendako. Ukurasa wenye kufuli kwenye anwani humlinda mtu kiasi, maana kivinjari hulalamika cheti cha kuuthibitisha ukurasa kisipolingana, lakini mama akiona onyo hubonyeza "endelea", kama wazee wengi wafanyavyo. Na simu hiyohiyo ndiyo anayoangalizia akaunti yake ya benki.

Nikaifuta routa yote, nikaanza upya na nenosiri jipya refu. Siku sita baadaye namba zilezile za DNS zikarudi. Ndipo nikaigeuza nikasoma stika ya chini, nikatafuta toleo lile kwenye tovuti ya mtengenezaji. Sasisho la mwisho la programu yake ya ndani lilitoka mwaka 2016.

Nilimpigia mwenye duka. Akaniambia, "Dada, routa si samaki, haiozi." Nikamwambia inaoza, akakata simu.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia kasi wala idadi ya antena. Boksi lolote litakwambia hayo kwa herufi kubwa. Nazungumzia jambo moja ambalo hakuna boksi lililoniambia: je, aliyeitengeneza routa hii bado anaitunza?

Routa ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna programu, na programu haikosi matundu. Tundu likigunduliwa, mtengenezaji hutoa sasisho la kuliziba. Siku akisema toleo hili basi, matundu yanayogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi, na wezi wanayasoma kwenye intaneti kama tunavyosoma saa za maji kupwa na kujaa. Nenosiri refu halisaidii mtu anapopita dirishani. Mwezi Mei 2025, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa tahadhari kwamba routa za zamani zisizopata tena masasisho zinatekwa na kugeuzwa njia za kupitishia uhalifu, mwenye nyumba asijue. Mwezi uliofuata shirika la usalama wa mtandao la nchi hiyo, CISA, likaingiza kwenye orodha yake ya matundu yanayotumiwa na wezi tundu moja la routa za TP-Link zilizopendwa sana zamani: TL-WR740N, TL-WR841N na TL-WR940N, katika matoleo yake ya kale. Ukiona mojawapo ya majina hayo dukani, soma toleo kabla hujatoa pesa.

Na hili la toleo ndilo linalowaponza wengi. Jina la boksi halitoshi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: routa mbili zenye jina lilelile, moja V2 na nyingine V4, huwa na vipande tofauti ndani na masasisho tofauti. Archer C6 ya TP-Link peke yake imetoka katika matoleo kadhaa. Toleo limeandikwa kwenye stika ya chini, karibu na namba ya mashine, kwa herufi ndogo: "Ver" au "V" na tarakimu. Mwombe muuzaji aifungue, ishike mkononi, isome. Kisha toa simu yako palepale, ingia tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya msaada, chagua jina na toleo, utazame tarehe ya sasisho la mwisho. Ikiwa imepita miaka miwili mimi huirudisha kwenye meza. Muuzaji akikataa kuifungua, toka. Nimetoka katika maduka matatu kwa sababu hiyo.

Uingereza wamelitungia sheria jambo hili. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji anayeuza huko kifaa cha kuunganishwa na intaneti lazima atangaze atakitolea masasisho ya usalama kwa muda gani, na hairuhusiwi kifaa kutoka kiwandani na nenosiri rahisi la kubahatisha kama "admin". Vifaa ni vilevile vinavyopakuliwa bandari ya Kilindini, nasi hapa hatuambiwi kitu. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, lakini jaribu kurudisha routa uliyoifungua nailoni uone. Ukutani pameandikwa kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi, na muuzaji anakuonyesha kibao hicho kama aya ya katiba.

Sasa zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni MikroTik, na sifichi kwamba naipenda. Ni kampuni ya Latvia, iliyoanzishwa Riga mwaka 1996, na sababu ya kuiweka juu ni moja: programu yake, RouterOS, ni moja kwa routa zake zote, ndogo na kubwa, na mashine za miaka mingi nyuma bado zinapata masasisho. Kwa nyumba zetu nachagua hAP ax lite. Inatumia masafa ya GHz 2.4 peke yake, na wauzaji watakwambia huo ni upungufu. Kwa nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta za karibu nusu mita, mimi nalitaka hilo hilo, kwa sababu masafa ya GHz 5 ni ya haraka lakini ukuta wa namna ile huyanyonya kabla hayajafika chumba cha pili. Tena inatumia umeme wa USB-C. Stima ikipotea naichomeka kwenye pawabenki, na mtambo wa intaneti ukiwa nao una betri, mama haoni tofauti. Nyumba zilizojengwa kwa matofali membamba, za upande wa Malindi na za mitaa mipya huku Lamu, zitafaidika na hAP ax², yenye masafa yote mawili.

Naisema na kasoro yake, maana nimeisifu. MikroTik nayo iliwahi kuwa na tundu kubwa. Tiba yake ilitolewa Aprili 2018, lakini routa nyingi ambazo wenyewe hawakuzisasisha zilitekwa miezi iliyofuata, hasa Brazili, zikatiwa msimbo wa kuchimbia sarafu za kidijitali. Walioziba walisalimika. Ndiyo maana nashikilia: tundu kila mmoja hulipata, cha kuuliza ni kama kuna atakayeliziba, na kama wewe utalipokea hilo sasisho. Kasoro ya pili ni kwamba mipangilio yake ni mingi mno. Usiiguse yote. Ukurasa wa Quick Set unatosha kwa nyumba, kisha System, Packages, Check For Updates. Ikishawaka upya, ingia System, RouterBOARD, ubonyeze Upgrade, halafu uiwashe upya mara nyingine. Watu wengi huisahau hatua hiyo ya pili.

Ya pili ni TP-Link za mfululizo wa Archer AX, kama AX23. Nimetaja mashine zao za kale juu pale, na bado naziweka hapa hizi mpya, kwa sababu zina WPA3, kinga mpya ya waifai, na nyingi zinaweza kujisasisha zenyewe usiku ukiiwasha sehemu hiyo. Programu yao ya simu ni nyepesi. Kama wewe ndiye unayemwekea mzazi anayeishi peke yake, nawe uko Nairobi au Ughaibuni, na hakuna kijana wa kuingia Quick Set, chukua hii. Lakini toleo, toleo, toleo.

Ya tatu ni routa unayopewa na kampuni ya intaneti. Watu huidharau kwa kuwa ni ya bure au ya kukodi. Uzuri wake ni kwamba kampuni inaweza kuisasisha kutoka mbali. Ubaya ni kwamba hujui kama inafanya hivyo, na ukiuliza huduma kwa wateja unaambiwa uzime uwashe. Nimeuliza mara nne tarehe ya sasisho la mwisho la routa ya ofisini kwetu na sijapata jibu.

Wapo wanaoniandikia kuhusu OpenWrt, programu huru inayoweza kufufua routa iliyoachwa na mtengenezaji wake. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Ila zile za bei ndogo zenye MB 4 za hifadhi na MB 32 za kumbukumbu, yaani hasa zile zilizojaa kwetu, haziungwi mkono tena.

Za rahisi, za elfu mbili na tatu: kama ndicho ulicho nacho, nunua yenye toleo jipya kabisa na usiichukue iliyotumika.

Ukishafika nayo nyumbani, iunganishe na intaneti na simu moja tu, uisasishe kabla watoto hawajaingia. Kisha badilisha nenosiri la msimamizi, lile la kuingilia mipangilio, ambalo si lile la waifai. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na routa kwa maelfu kwa orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60 tu, na Oktoba ile viliangusha kampuni ya Dyn, mtunza madaftari ya DNS, kiasi cha watu wengi Marekani kushindwa kufungua Twitter na Netflix. MikroTik za sasa huja na nenosiri lake kwenye stika. Libadilishe nalo, maana kila fundi anayeingia nyumbani anaiona stika.

Zima WPS. Ni kile kitufe cha kuunganisha bila kuandika nenosiri, na nyuma yake kuna namba ya siri ya tarakimu nane. Desemba 2011 ilidhihirishwa kwamba routa huikagua namba ile kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu, kwa hiyo mwizi hahitaji kujaribu mamilioni. Majaribio 11,000 yanamtosha. Zima pia usimamizi kutoka nje, yaani kuingia kwenye mipangilio kupitia intaneti. Chagua WPA3, au mchanganyiko wake na WPA2 iliyoitangulia kama kuna simu ya zamani ndani. WEP, kinga ya kale, usiiguse. Nenosiri la waifai mimi naunga maneno manne yasiyohusiana, marefu, ambayo mama anaweza kumtajia mgeni bila kuvaa miwani.

Na wageni watengee mtandao wao. Nyumba zetu wakati wa Maulidi hujaa jamaa kutoka Siyu, Faza na Mombasa, kila mmoja na simu asiyojua mna nini ndani yake. Ukiwapa mtandao wa wageni, wanapata intaneti na hawafiki kwenye kompyuta yako wala kamera ya mlangoni. Kwa wanaokodisha vyumba Shela, hili ni lazima.

Pa kuiweka: mama aliitia kwenye kidaka cha ukutani, kati ya sahani za kale, kwa kuwa ilipendeza. Kidaka kina mawe nyuma, juu na pande zote mbili. Nimeitoa, sasa iko juu ya kabati upande unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, mawimbi yanapanda kwa hewa wazi hadi orofa ya juu. Naipangusa kila mwezi, na pini ya adapta naikagua, maana chumvi ya hewa yetu hula shaba.

Limebaki la bei, nalo linaniuma. hAP ax lite niliulizia Mombasa kwa simu, nikaulizia na hapa Lamu siku hiyohiyo. Tofauti ilikuwa shilingi 2,400. Nikaambiwa ni gharama ya boti. Routa hiyo inaingia kwenye mfuko wa rambo, na mimi mwenyewe nimelipa nauli ya boti kutoka Mokowe, gati la bara, pamoja na mzigo wangu, sikufika hata robo ya pesa hizo. Nilimwagiza binamu aliyekuwa akija kwa basi. Kabla hajalipa alinitumia picha ya stika, nikaikuza, nikasoma, nikamwambia alipe.