The Incredible Hulk ya Bill Bixby: nimeirudia ukubwani

Wadau, jana usiku nimemaliza sizoni ya nne ya The Incredible Hulk, ile ya zamani ya televisheni, na nimeona niandike uzoefu wangu maana kila nikiitaja watu wanadhani naongelea muvi hizi mpya za kompyuta. Hapana, naongelea ile ya CBS, stesheni ya Marekani, ilianza na filamu ya Novemba 1977 alafu ikawa tamthilia kuanzia 1978 mpaka 1982, enzi ambazo Jitu, yani Hulk mwenyewe, alikuwa mtu kweli, Lou Ferrigno, mtunisha misuli aliyekuwa ameshachukua Mr. Universe mara mbili, urefu unakaribia mita mbili, kapakwa rangi ya kijani kuanzia usoni mpaka miguuni.

Mi nimeijulia kwenye deki. Tanga, mwisho wa miaka ya themanini, bara hakukuwa na stesheni ya televisheni mpaka 1994, kwahiyo ukitaka kuona picha ni kanda tu, na baba mdogo alirudi kutoka Maskati na kanda kadhaa za Hulk, basi sebule yetu ikawa haipumui, watoto wa mtaa mzima wamekaa chini mpaka kwenye korido. Kiingereza hatujui. Tulichokuwa tunasubiri ni macho, maana steringi akishaonewa vya kutosha macho yanageuka meupe, anageuka Jitu, shati linachanika mgongoni, viatu vinapasuka, hapo watu wote kwa pamoja "anakujaaa!" Mengine yote kwetu yalikuwa maongezi, tunayavumilia.

Sasa nimenunua seti ya diski nimeanza mwanzo kabisa, safari hii lugha naielewa, na kumbe yale maongezi ndo yenyewe.

Dk David Banner, ndo steringi mwenyewe, kaigiza Bill Bixby, kafiwa na mke wake Laura kwenye ajali ya gari, gari linawaka moto, mke yuko ndani, yeye amejaribu kulinyanyua kashindwa. Alafu kazini anawahoji watu waliopata ajali kama hizo ambao wao walipata nguvu za ghafla wakaokoa watu wao. Sasa kaa na hilo swali usiku, kwanini wao waliweza na mimi sikuweza? Ndo linampeleka maabara peke yake, anajipiga miale ya gama, na mashine ilikuwa imerekebishwa bila yeye kujua kwahiyo dozi inakuwa kubwa mno kuliko aliyokusudia. Usiku huohuo anaendesha kwenye mvua, tairi linapasuka, anashuka kubadilisha, spana inateleza anaumia mkono, na Jitu anatoka kwa mara ya kwanza. Yani nguvu alizozitaka kumuokoa mkewe zimekuja mke ameshazikwa. Nilisimamisha diski hapo nikanyamaza kidogo.

Kenneth Johnson aliyeitengeneza alikuwa anasoma riwaya ya Les Misérables ya Victor Hugo kipindi anapewa kazi hii, na ukishajua hivyo unaona kila kitu, mtu mwema anayekimbia na mtu mwingine anayemwinda bila kuchoka. Mwindaji ni mwandishi wa gazeti, Jack McGee, kaigiza Jack Colvin, anaamini Jitu ndo lilimuua Banner na mwenzake wa maabara, Elaina. Kwahiyo Banner dunia inajua kafa, anatembea mji hadi mji, kazi za vibarua, jina anabadilisha kila mara ila David anabaki nalo.

Utotoni nlimchukia McGee sana. Sasa hivi hapana, na iliyonibadilisha ni episodi ya Mystery Man ya sizoni ya pili, sehemu mbili, Banner kafungwa bandeji uso mzima, ndege imewaangusha msituni wao wawili, McGee kaumia mguu, moto unakuja nyuma, na Banner anamkokota adui yake mwenyewe kwenye machela ya matawi. Angeweza kumuacha shida zake zote ziishe. Hamuachi. Toka hapo McGee anajua ndani ya Jitu kuna binadamu, ila hajui ni nani.

Kama una muda wa kuangalia moja tu angalia Married, inafungua sizoni ya pili, Mariette Hartley kaigiza daktari mwenye ugonjwa usiopona, Banner kaenda kwake kutafuta tiba na wanaishia kupendana na kuoana. Alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya 1979 kwa hiyo episodi, na ilikuwa haki yake kabisa.

Ferrigno naye apewe heshima yake. Sehemu kubwa ya usikivu wake ilipotea akiwa mdogo sana, na akiwa Jitu haongei hata neno moja, ni muungurumo tu ambao nao mwanzoni ulikuwa sauti ya Ted Cassidy, lakini angalia uso wake akimbeba mtoto au akiona mtu amekufa, huzuni yote unaisoma pale. Na Bixby ni fundi, akiambiwa neno la dharau unaona anavyomeza hasira, unamuombea wamuache tu.

Mapungufu yapo. Episodi nyingi zinaenda njia moja, kufika mjini, kuonewa, kubadilika mara mbili, kuondoka, ukiangalia tatu mfululizo utachoka. Angalia moja kwa siku. Diski moja ya seti yangu ilikuja imekwaruzwa, muuzaji kaibadilisha baada ya wiki mbili za kumpigia simu, hiyo iliniudhi.

Lakini ule mwisho, jamani. Ile piano ya Joe Harnell, The Lonely Man, Banner na begi lake begani kasimama pembeni ya barabara anaomba lifti, magari yanampita. Mama yangu ambaye naye Kiingereza hajui alikuwa akiisikia anatoka jikoni anasimama mlangoni mpaka iishe, anasema "maskini, anaenda wapi tena huyu." Mama hayupo tena na piano ikianza mi bado nageuka kuangalia mlangoni.

Nimebakiwa na sizoni ya tano, fupi, episodi saba tu, naiendea polepole. Kuna na filamu tatu za baadaye, ya mwisho ya 1990 ndo Banner anakufa, Bixby mwenyewe kaiongoza na miaka mitatu baadaye na yeye akafariki kwa saratani. Hiyo ninayo kabatini. Bado sijaifungua.