Uzoefu wangu: Kutembea kwa miguu katika Milima ya Shimba, Kwale

Mtu akiniuliza ni wapi kwenye pwani ya Kenya anapoweza kutembea kwa miguu akaona bahari, msitu, wanyama na mahali walipoishi wazee wetu katika safari moja, jibu langu ni Milima ya Shimba, juu ya mji wa Kwale. Maoni haya nayaandika hasa kwa ajili ya wageni wa Diani na wenyeji wa Mombasa, ambao wengi wao huiona milima hiyo kwa mbali upande wa magharibi, lakini wakitaka kutembelea hifadhi huchagua kwenda Tsavo. Tsavo ina sifa zake, wala sina nia ya kuzipunguza. Huko, hata hivyo, mgeni hushinda ndani ya gari tangu asubuhi hadi jioni, ilhali Shimba humpa nafasi ya kushuka na kukanyaga ardhi.

Kufika si kazi. Kutoka Mombasa ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu: unavuka Likoni kwa feri, au unazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ukitaka kuepuka foleni ya kivukoni, kisha unakata kona Kombani na kupanda hadi Kwale. Hewa hubadilika njiani. Milima hii inainuka ghafla kutoka tambarare ya pwani hadi karibu mita 450 juu ya usawa wa bahari, na upepo wenye unyevu unaotoka baharini ukigonga mteremko wake hulazimika kupanda na kupoa. Ndiyo maana asubuhi hukutana na ukungu, na ndiyo maana msitu umestawi hapa wakati nchi ya Kinango, iliyo nyuma yake, ni kavu. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, si kwa fedha taslimu, kwa hiyo ni busara kumaliza malipo kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Matembezi yanayojulikana zaidi ni yale ya kushuka kwenye maporomoko ya Sheldrick, yaliyopewa jina la David Sheldrick, mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Hairuhusiwi kwenda peke yako, kwa kuwa msitu una tembo na nyati, na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hutangulia akiwa na bunduki. Askari aliyetuongoza, kijana mwenye adabu na maneno machache, aliniambia kabla hatujaanza: “Mzee, kaa nyuma yangu, na tukikuta tembo usikimbie mpaka nikwambie.” Nilimshukuru kwa kusema wazi. Njia ni ya takriban kilomita mbili, inaanzia kwenye nyasi zilizo wazi kisha inazama msituni, na ina sehemu zenye mteremko mkali ambapo mchanga huteleza chini ya kiatu. Maji yenyewe huanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita ishirini hadi kwenye kidimbwi ambamo watu huruhusiwa kuoga. Kushuka ni raha. Kupanda kurudi, jua likiwa limeshapamba moto, kunahitaji magoti mazima na maji ya kunywa ya kutosha, na kwa mtu wa umri wangu napendekeza kuanza mapema iwezekanavyo.

Mnyama wa Shimba ni palahala, aina ya swala mkubwa. Katika Kenya nzima hapa ndipo palipobaki palahala wanaoishi porini, na kulindwa kwake ni miongoni mwa sababu za eneo hili, ambalo lilikuwa msitu wa serikali tangu 1903, kutangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968. Dume aliyekomaa ni mweusi, tumbo jeupe, na pembe zake hupinda kuelekea mgongoni. Majike na ndama ni wa rangi ya hudhurungi. Wanapenda nyasi zilizo wazi kati ya vipande vya msitu, na tuliwaona asubuhi tukiwa upande wa Giriama Point, mahali pa kutazamia mandhari, kundi dogo lililosimama kimya likitutazama kabla ya kurejea kwenye malisho. Idadi yao si kubwa, na mgeni anayekuja kwa kutarajia makundi ya mamia ya wanyama atasikitika. Anayejua anachokitafuta ataondoka ameridhika kabisa.

Wengine hawahitaji kutafutwa sana. Mbega weupe kwa weusi huruka juu ya vichwa, ndege waitwao hondohondo hupita wakipiga kelele, na ndege mwingine, kulukulu, husikika kabla ya kuonekana. Mvua ikinyesha, madimbwi hujaa sauti za vyura, akiwamo chura mdogo wa matete ambaye hajulikani kuishi kwingineko duniani ila katika milima hii. Ningetamani kila mgeni aelezwe habari ya chura huyu kwa uzito uleule anaoelezwa habari ya tembo, kwa sababu tembo akitoweka hapa atabaki Tsavo, lakini chura huyu hana Tsavo yake.

Kero moja niitaje kwa faida ya wanaokuja: kuna mbung'o, nzi wanaouma. Usivae nguo za buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa maana rangi hizo ndizo zinazowavuta, na mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Nguo za rangi ya udongo zenye mikono mirefu zilinitosha.

Lakini sehemu iliyonigusa kuliko zote ni historia, nami nasema wazi kwamba matembezi haya bila historia ni nusu ya matembezi. Ndani ya misitu hii mna makaya, yaani makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, ya Wadigo, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, kama vile Kaya Kwale na Longomwagandi. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema kwamba walipotoka Shungwaya, asili yao upande wa kaskazini, Wadigo ndio waliotangulia, wakatafuta vilima vyenye msitu mnene ambamo wangeweza kujilinda na maadui. Makazi yakahamishwa baadaye, lakini makaburi na mahali pa maombi vilibaki, na miiko ikabaki pamoja navyo: mti haukatwi, hata kuni zilizoanguka hazichukuliwi ovyo. Ukisimama kwenye ukingo wa msitu wa kaya unaiona kazi ya miiko hiyo kwa macho, kwa jinsi miti mikubwa ilivyosongamana palipokatazwa shoka. Serikali ilianza kuyatangaza makaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya makaya ya Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Wazee walikuwa wameshayalinda kwa karne kadhaa. Asiingie mtu kwenye kaya bila idhini ya wazee. Ni bora kukutana kwanza na mwenyeji wa Kwale anayejua taratibu, kisha kusikiliza.

Kuna pia Mwele, msitu ulio katika safu hii hii. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na makao yake Gazi, kwenye pwani, aliweka ngome Mwele na kuitumia kama kimbilio katika ugomvi wake wa miaka mingi na masultani wa Unguja, na hatimaye na Waingereza. Agosti 1895 Admirali Harry Rawson wa jeshi la majini la Uingereza alipanda na askari wake kutoka pwani wakaiteka ngome hiyo. Ni Rawson huyohuyo ambaye mwaka mmoja baadaye aliamuru jumba la Sultani lipigwe mizinga mjini Unguja. Mbaruk alivuka mpaka mwaka 1896 akaingia kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Mtu aliyekwisha kupanda miteremko hii kwa miguu yake anaelewa upesi kwa nini mtawala wa pwani aliyezidiwa nguvu alikimbilia huku: juu unaona kila kinachokuja kutoka baharini, na maji hayakosekani. Mto Mkurumudzi unaanzia kwenye milima hii na kwenda kumwaga maji yake Gazi kwenyewe, penye mikoko, na chemchemi za Marere zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi za ukoloni. Anayefungua mfereji mjini angefaa kuijua Shimba kabla ya wote.

Mwenye siku ya pili namshauri aende Mwaluganje, upande wa kaskazini. Mwaka 1995 wakulima wa Kidigo na Kiduruma waliokuwa wakiharibiwa mazao walitoa mashamba yao yawe hifadhi ya jamii ya tembo, ili nao wapate sehemu ya mapato; kuna ushoroba, yaani njia ya wanyama, unaounganisha hifadhi hizo mbili. Hata hivyo tembo waliendelea kuzidi uwezo wa msitu, na mwaka 2005 wapatao 150 walihamishiwa Tsavo. Mwaluganje pia hutengenezwa karatasi kwa kinyesi cha tembo, ambacho kimejaa nyuzi za majani na magome ya miti. Nilinunua daftari la karatasi hiyo. Haina harufu yoyote, ni nzito kidogo na ina mikwaruzo, na kwa kalamu ya risasi inaandikika vizuri kuliko kwa kalamu ya wino.